Nusu Saa ya Angani, Saa Nne na Nusu za Njiani

Hesabu ya safari ya ndege kutoka Wawi hadi Kisauni

Na Katibu wa Chama



Kila mwezi ukurasa huu hutumika kwa habari za karafuu: bei, magunia, majamvi, miche na mvua. Mwezi huu naomba ruhusa yenu niutumie kwa jambo jingine, ambalo kwa juu juu laonekana si la mkulima. Nataka tuzungumze juu ya masafa na muda wa safari ya ndege baina ya kiwanja chetu cha Pemba kilichoko Wawi na kiwanja cha Unguja kilichoko Kisauni. Sababu ya kuchagua jambo hili nitaieleza wazi, kwani inanihusu mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Wakati wa mchumo uliopita mwanachama wetu mmoja wa upande wa kaskazini alipigiwa simu alfajiri. Kaka yake, mtu na nduguye wa tumbo moja, alikuwa amefariki Unguja. Jamaa walimwambia: "Tumeamua tumzike leo baada ya sala ya alasiri, nawe ujitahidi ufike." Kiti cha ndege ya asubuhi hakukipata, akapata cha saa saba mchana. Kabla ya kuondoka alinipigia simu, kwa kuwa mimi nasafiri mara kwa mara kwa shughuli za Chama. Akaniuliza, "Katibu, toka hapa hata Unguja ni muda gani kwa ndege?" Mimi nilikuwa kwenye mizani, nimeshika daftari mkononi, nikamjibu bila ya kufikiri: "Nusu saa tu, bwana. Utafika kabla jasho halijakukauka."

Alitoka kwake saa tano. Gari lilimchukua upesi, tena halikuharibika njiani. Akafika Wawi saa saba kasoro dakika kumi. Abiria wenziwe walikuwa wamekwisha kupimiwa mizigo, wamekwisha kukaguliwa, nao wako ndani ya ndege. Mlango ulikuwa umefungwa. Saa saba barabara ndege ikaruka, naye akiitazama kwa nje ya uzio. Alifika Unguja siku ya pili asubuhi, akapelekwa makaburini kuonyeshwa udongo.

Alipokuja afisini siku ile ya kupokea malipo, hakunilaumu. Alisema maneno haya tu: "Katibu, nusu saa yako ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa ya ndege, haikuwa yangu." Maneno hayo yamenikaa. Basi nimeona deni hili nililipe kwa kalamu, ili lisimpate mwingine.

MASAFA: HAYA HAYABADILIKI

Kwanza tujue masafa yenyewe, maana hayo ndiyo yasiyogombewa na mtu. Wengi tumezoea kusikia tu kwamba "Unguja si mbali". Lakini mbali kiasi gani, na hupimwaje, na hali baharini hakuna mawe ya maili?

Hupimwa kwa mistari ya ramani. Kiwanja cha Wawi kiko kusini ya Ikweta kwa digrii 5 na dakika 15, na kiwanja cha Kisauni kiko kusini kwa digrii 6 na dakika 13. Tofauti yake ni dakika 58. Kwa upande wa mashariki, Wawi iko kwenye digrii 39 na dakika 49, na Kisauni iko kwenye digrii 39 na dakika 14 kasoro kidogo. Tofauti yake ni dakika 35. Dakika hizi si za saa, ni za ramani: digrii moja hugawanywa dakika 60. Nazo zina faida kubwa kwa msafiri, kwa sababu dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Na kwa kuwa sisi tuko karibu na Ikweta, dakika moja ya kwenda mashariki au magharibi nayo hupungua kidogo sana tu kuliko hiyo.

Basi mtu akitoka Wawi aende maili 58 kusini, kisha akate kona aende maili 35 magharibi, atafika Kisauni. Lakini ndege haikati kona, hupita moja kwa moja. Aliyesoma hesabu shuleni atakumbuka kanuni ya pembetatu: 58 mara 58 ni 3,364, 35 mara 35 ni 1,225, jumla 4,589, na kipeo cha pili chake ni karibu 68. Hayo ndiyo masafa yetu: maili 68 za baharini kasoro kidogo, ambazo ni kilomita 125 na ushei. Kwa masafa mafupi kama haya mviringo wa dunia hautii tofauti ya maana, na hesabu hii ya karatasi yatosha.

Kwa anayetaka kulinganisha, na nimeyahesabu kwa njia hiyo hiyo, masafa ya angani ni haya:

Wawi hadi Kisauni: kilomita 125.
Wawi hadi kiwanja cha Tanga: kilomita 84.
Wawi hadi kiwanja cha Dar es Salaam: kilomita 192.
Kisauni hadi Dar es Salaam: kilomita 73.

Kwa hivyo Tanga iko karibu nasi kuliko Unguja, jambo ambalo wavuvi wetu na wazee wa majahazi hawana haja ya kufundishwa na Katibu.

MUDA WA ANGANI: HUU NAO HAUBADILIKI SANA

Ndege nyingi zinazotua Wawi ni ndogo, za injini moja, za aina ya Cessna Caravan zichukuazo abiria kumi na kitu. Mwendo wake wa kawaida tukiuweka maili 160 za baharini kwa saa hatutakosea sana. Gawanya masafa kwa mwendo: maili 68 kwa mwendo huo ni dakika 25 na nusu. Ongeza dakika chache za kupanda juu na za kuzunguka kutafuta kiwanja, utapata ile nusu saa tunayoisema sote.

Je, upepo? Sisi watu wa visiwani maisha yetu yote yamefungwa na upepo. Mababu zetu walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mwenye jahazi aliyekosea msimu alikaa bandarini miezi. Njia ya kutoka Wawi kwenda Kisauni ni ya kusini kuelekea kidogo magharibi. Kwa hivyo wakati wa kaskazi upepo husukuma ndege mgongoni, na wakati wa kusi huikabili usoni. Lakini tazama tofauti yake. Upepo wa maili 15 kwa saa ukikusukuma, safari ya dakika 25 na nusu itakuwa dakika 23. Upepo huo huo ukikukabili, itakuwa dakika 28. Tofauti ya kaskazi na kusi kwa ndege ni dakika tano! Jambo lililomkalisha mwenye jahazi miezi, msafiri wa ndege halijui hata kama lipo.

Na jambo jingine la kustaajabisha. Wazee wetu wanazikumbuka ndege za East African Airways, shirika lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Miongoni mwa ndege zake zilikuwa zile Dakota za DC-3, za injini mbili, zenye kulala nyuma zinapokuwa chini. Dakota ilikwenda kiasi cha maili 150 za baharini kwa saa. Kwa masafa yetu hiyo ni dakika 27. Basi tangu zama hizo hata leo, katika safari fupi kama hii, muda wa angani haukupungua hata wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mtu akikwambia "siku hizi mambo ni haraka", mwambie ndiyo, lakini haraka hiyo haiko angani baina ya Pemba na Unguja. Kama iko, iko chini: katika barabara, katika simu, na katika namna msafiri anavyojipanga.

MUDA WA NJIANI: HUU NDIO ULIO MREFU

Ndugu mkulima, mtu akikuuliza, "Karafuu huchumwa kwa muda gani?" utamjibu kwamba mchumaji hodari huumaliza mkarafuu wake na kushuka. Lakini ukimjibu hivyo, naye akadhani jioni ile ile ataipeleka kwenye mizani, utakuwa umempoteza. Wewe wajua kwamba baada ya kuchuma kuna kuchambua, kuna kuanika, kuna siku kadhaa za jua, kuna kukimbia na jamvi mawingu yanapofunga, kuna kupepeta na kutia guniani, kisha ndipo mizani. Kuchuma ni sehemu moja tu, tena si sehemu iliyo ndefu. Safari ya ndege ni hivyo hivyo. Kuruka ni kuchuma. Aliyebaki akahesabu kuruka peke yake amesahau jamvi lake juani.

Sasa tumchukue mwanachama akaaye maeneo ya Konde, nyumba yake iwe ndani kidogo ya barabara, anayekwenda mjini Unguja. Dakika zifuatazo nimezipima kwa saa yangu mwenyewe katika safari mbalimbali, nikachukua za katikati, si za siku njema wala za siku mbaya:

Kutoka nyumbani hadi barabarani kwa miguu: dakika 20.
Kungoja gari: dakika 30.
Gari hadi Chake Chake, pamoja na kusimama kwake: dakika 75.
Chake Chake hadi kiwanja cha Wawi: dakika 15.
Kuwapo kiwanjani kabla ya ndege kuruka: dakika 60.
Angani: dakika 30.
Kushuka na kupokea mizigo Kisauni: dakika 15.
Kisauni hadi mjini: dakika 25.

Jumla ni dakika 270, yaani saa nne na nusu. Katika hizo, za angani ni 30 tu. Ni sehemu moja katika tisa. Sehemu nane zote ziko ardhini, na katika hizo nane ndimo mtu anamopata safari yake au anamoikosa.

Naona watu wengine wanakasirika kwa ile saa moja ya kiwanjani, wakasema ni usumbufu wa bure. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipofahamu kazi inayofanywa ndani yake. Ndege ndogo ni kama mtumbwi: uzito wake lazima ujulikane, na lazima ukae mahali pake. Mzigo ukiwa mwingi mno haitaruka kwa salama, na ukilundikwa nyuma yote, pua yake itainuka isivyopasa. Kwa sababu hiyo mizigo hupimwa, na katika ndege ndogo kama hizi mara nyingi ruhusa ya kila abiria ni kilo 15 tu. Orodha ya abiria nayo lazima ikamilike kabla rubani hajapewa karatasi zake. Anayekuja dakika kumi kabla huitaka hesabu yote ifanywe upya, na wenziwe wote wangoje. Sisi tunaoishi kwa mizani hatuna haki ya kuikasirikia mizani ya mwingine. Kilo 15, nawakumbusha, ni kitu kidogo sana kwa mtu aliyezoea gunia. Ukitaka kumpelekea mwanao shelisheli na mbata, zipime nyumbani.

HESABU YA KURUDI NYUMA

Njia ya salama ni kuanza hesabu mwisho, ukarudi nyuma hadi mlango wa nyumba yako. Tuichukue ndege ile ile ya saa saba mchana.

Saa sita uwe kiwanjani. Basi Chake Chake uondoke saa sita kasoro robo. Gari la kutoka Konde uwe umelipanda saa nne na nusu. Barabarani uwe umesimama tangu saa nne. Nyumbani utoke saa tatu na dakika 40. Juu ya hapo weka akiba ya nusu saa kwa pancha, kwa mvua na kwa gari lililojaa: utoke saa tatu na dakika kumi. Ndugu yetu alitoka saa tano. Kwa hesabu ya nusu saa aliona amewahi mno, na kwa hesabu ya kweli alikuwa amekwisha kuchelewa karibu saa mbili kabla hajavaa kanzu yake. Na aliyempa hesabu ile ni mimi.

Lau ningemjibu inavyopasa, ningemwambia: "Ndege ya saa saba itakutua saa saba na nusu, mjini utafika saa nane na dakika kumi, maziko utayawahi. Lakini toka sasa hivi, usingoje." Jawabu lote hilo lingechukua muda wa pumzi mbili. Masafa nilikuwa nayajua, muda wa ndege nilikuwa naujua. Nisichofanya ni kumwuliza, "Bwana, uko wapi sasa, nako unakwenda kwa jambo gani?"

MAMBO MATATU YA KUTAZAMA KATIKA TIKETI

La kwanza ni saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu zenye kuhesabiwa tangu usiku wa manane hadi 24. Ukiona 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi, si saa saba. Ukiona 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Ukiona 13:00, hiyo ni saa saba mchana. Ukiona 16:00, hiyo ndiyo saa kumi jioni. Mwanachama mwingine, ambaye amenipa ruhusa ya kulisimulia hili maadamu simtaji, aliiona 10:00 akaja Wawi saa tisa alasiri, amepaka mafuta na manukato, akakuta kiwanja kimya na paka analala juu ya benchi. Ndege yake ilikuwa imekwenda tangu saa nne. Ukipata tiketi, chukua kalamu uandike pembeni saa yetu ya Kiswahili kwa herufi kubwa.

La pili ni jina la kiwanja. Viwanja vingi vya ndege duniani vimepewa herufi tatu tatu. Chetu ni PMA, na cha Unguja ni ZNZ. Wanachama wenye watoto Maskati, Dubai au London, ambao hununua tiketi huko huko na kuzituma kwa simu, waangalie sana herufi hizo. Kuna mji mwingine uitwao Pemba ulioko Msumbiji, na herufi za kiwanja chake ni POL. Kutoka Wawi hadi huko ni zaidi ya kilomita 850. Jina ni moja, lakini hakuna mkarafuu wako utakaouona ukishuka huko.

La tatu ni kule ndege itokako. Ndege hizi ndogo hazilali Wawi zikakungoja wewe. Aghalabu hutoka Dar es Salaam au Unguja, zikaja kwetu, zikaondoka tena siku ile ile. Mvua kubwa ikinyesha huko zitokako, nawe huku jua likawa kali hata karafuu zakauka vizuri, ndege yako itachelewa vile vile. Usimgombeze mtu wa kiwanjani. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, uulize, lakini usiifanye habari ya kuchelewa kuwa ruhusa ya kuchelewa wewe. Mara nyingi wingu huondoka upesi, na ndege nayo hufuata.

NDEGE AU BOTI?

Swali hili naulizwa kila mchumo. Jawabu yategemea nyumba yako iko wapi. Kutoka Mkoani hadi bandari ya Unguja ni kiasi cha maili 55 za baharini, na boti ya mwendo wa kasi tuihesabu saa mbili na nusu pamoja na kuingia na kutoka bandarini. Mtu akaaye Mkoani mjini hutembea dakika 15 hadi bandarini, akangoja saa moja, akasafiri hizo saa mbili na nusu, akashuka kwa dakika 20, naye yuko mjini tayari. Jumla ni saa nne na dakika tano. Huyo huyo akipanda gari kuja Wawi, tukihesabu kungoja dakika 20, njia dakika 50, Chake hadi Wawi 15, kiwanjani 60, angani 30, kushuka 15 na kuingia mjini 25, atatumia saa tatu na dakika 35. Tofauti ni nusu saa tu, na nauli ya ndege ni kubwa kuliko ya boti. Mtu wa Konde mambo yake ni mengine, kwani lazima kwanza akate kisiwa kizima hata afike Mkoani. Yeye ndege humfaa zaidi akiwa na haraka ya kweli.

Lakini haraka isitufanye vipofu. Hatujausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba kutoka Unguja, imejaza watu kupita kiasi chake. Hakuna shehia ya Pemba isiyokuwa na habari ya msiba ule. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Chombo kilichojaa kupita kiasi, kiwe cha baharini au cha barabarani, hakimfikishi mtu mapema. Ukikiona kimejaa, shuka. Aliyekungoja atakusamehe kwa kuchelewa.

MWISHO

Dini yetu yatuhimiza kuharakisha maziko, na ndivyo inavyopasa. Maiti hangojeshwi kwa ajili ya Katibu aliyejibu vibaya. Kwa hivyo kila mmoja wetu akipata habari ya msiba wa ng'ambo, afanye mambo mawili kwa pamoja. Ajihesabie saa yake ya kweli ya kufika, kuanzia mlangoni kwake hadi mlango wa msiba. Kisha awaambie jamaa saa hiyo bila ya kuipunguza kwa matumaini. Jamaa wakiijua, wataweza kuamua kungoja kidogo au kutangulia, nawe utajua mapema kama unakwenda kuzika au unakwenda kuzuru kaburi. Yote mawili ni ya heri, lakini moyo wa mtu hutaka kujua ni lipi kabla hajafika.

Kamati imekubali tuandike karatasi kubwa itakayobandikwa afisini karibu na mizani. Itaonyesha masafa niliyoyataja, saa za tiketi na saa zetu, na dakika za njiani kutoka Konde, Wete, Chake Chake na Mkoani. Dakika za Konde na Mkoani ninazo. Za Wete na za vijiji vya ndani bado nazikusanya, na nawaomba wanachama wanaosafiri wazipime kwa saa zao, kisha waniletee afisini. Asiyejua kusoma asione haya kuuliza. Yeyote atakayekuwa kwenye mizani siku hiyo ana wajibu wa kumsomea karatasi yote, asimtajie ile nusu saa peke yake.

Na ndugu yetu yule nimemwomba radhi mbele ya watu, naye amenisamehe. Amesema kitu kimoja ambacho nimeahidi kukiandika hapa. Amesema mtu akikuuliza masafa, mwulize nawe anakwenda kwa nani.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kazi,
KATIBU